Wimbo Usio na Mwenyewe

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa bado na milango na majirani, pimbi waliishi kwenye mlima wa mawe wenye nyoka wengi. Dawa ya sumu waliihifadhi ndani ya wimbo mrefu: jani gani, mzizi gani, kipi kitangulie chunguni.

Hakuna pimbi aliyeujua wote. Kila nyumba ilijifunza ubeti mmoja, na kila ubeti ulikaa katika nyumba tatu zilizo mbalimbali. Asubuhi, wakiota jua, walisikilizana, neno lisije likadondoka.

Siku moja nyoka alimgonga Kiduli, mtoto wa Mwakoi. Mama akatoka mbio.

"Jamani! Ubeti wa mizizi! Nani anao?"

Puu! Kiganja kikubwa kikamkandamiza. Simba!

"Nani mkubwa wenu anayetunza wimbo wa dawa? Namchukua kwangu. Anayetaka kuponya mtoto mmoja, ataniletea mwingine."

Mwakoi alitazama mlango wake. Simba akianza kupekua nyumba, nani atathubutu kwenda kuchimba mizizi?

"Mkubwa ni mimi," akasema.

"We Mwakoi, tangu lini..." jirani yake, Bi Shunu, alianza. Mwakoi akamkazia macho. Bi Shunu akaelewa. "Ndiye, Bwana Simba! Lakini usimkwaruze, atausahau!"

"Imba," Simba akaamuru.

"Ukinguruma unanitoka, Bwana. Lala, utulie."

Simba akalala, kiganja kikiwa palepale. Mwakoi akaimba ubeti wake taratibu, akaurudia, akaurudia tena.

Nyuma yao, kwi! kwi! swali likaruka kutoka jiwe hadi jiwe.

"Mizizi?"

"Sina, muulize wa juu."

Nyumba ya kwanza yenye ubeti huo ilikuwa tupu, wenyewe wamekimbia. Ya pili pia. Ya tatu ikajibu, "Tunao!"

Muda si muda, majirani wakachimba, wakapenya kwa nyuma, na chungu kikatokota ndani kwa Mwakoi: bwata, bwata.

Simba akainua kichwa. "Mbona unarudia yaleyale?"

Kabla Mwakoi hajajibu, sauti nyembamba ya Kiduli ikatoka ndani: "Mama, nina kiu."

Machozi yakamtoka Mwakoi. "Ndio ubeti pekee ninaoujua, Bwana."

"Mwongo! Nitakula wewe!"

"Nile. Nyumba mbili nyingine zinao, na kesho asubuhi zitafundisha nyumba nyingine iwe ya tatu."

"Basi mkubwa ni nani?"

"Hayupo."

Simba hakuamini. Aliinua kiganja ageuke amtafute huyo mkubwa, na Mwakoi, chupu! akazama katika ufa wa mwamba.

Simba akapita mlango kwa mlango akiuliza, na kila mlango ukamjibu, "Muulize jirani."

Kwa hiyo, wadogo zangu, jambo linalookoa maisha msilikabidhi kwa mmoja peke yake.