Jicho la Pili la Kinyonga

Paukwa!

Mmelala? Nasema paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Nanyi wakubwa msinizibie masikio, ngano hii inawahusu kuliko watoto.

Hapo zamani za kale palikuwa na Bi Pimbi. Bi Pimbi alikuwa na jiwe kubwa la kusagia, kre! kre! kre! tangu asubuhi. Wanyama wote walileta mtama wao kwake. Wakisagiwa, humwachia kibaba chake cha unga, wakaenda zao.

Siku moja unga ukapungua ghalani mwake. Ukapungua tena. Bi Pimbi roho juu. "Nani ananiibia mimi?"

Akamwita Kinyonga. "Kaa juu ya mti wangu, tazama mlango wa ghala." Akamwita na Kasuku, maana Kasuku akisikia neno halimtoki. "Kinyonga akikwambia alichoona, wewe kiweke."

Kinyonga akasema, "Bibi, macho yangu kila moja huenda kwake. Hili litatazama mlango. Hili la pili je?"

Bi Pimbi akacheka. "Litazame litakako! Hilo la bure."

Na wateja, aliwaambia? Thubutu!

Basi mwizi akanaswa. Nani? Panya, masharubu yote unga mtupu. Akafukuzwa. Kazi ikaisha, sivyo? Kinyonga ashuke, Kasuku asahau. Wapi! Bi Pimbi alisema, "Waendelee tu, huenda wakafaa." Wakaendelea.

Sasa alikuwapo Digidigi, mteja wake, ana mtoto mchanga. Mnaijua desturi ya akina Digidigi: mama humlaza mtoto kichakani, na mahali pale hamwambii mtu. Hamwambii shoga, hamwambii hata mumewe. Alasiri moja akaleta mtama wake, akasema, "Saga, Bi Pimbi, nakwenda kula majani kidogo, nitarudi." Akaenda.

Bi Pimbi anasaga, kre! kre! Mara akasikia sauti nje. Sauti nene, tamu kama asali. Akachungulia. Lo! Fisi huyo anaondoka, ulimi nje.

"Kasuku! Fisi alitaka nini?"

"Aliniuliza Digidigi humlaza wapi mwanawe."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia. Jicho la pili la Kinyonga liliona. Hukuniagiza ninyamaze."

Digidigi yuko wapi? Hajui. Mtoto yuko wapi? Hajui. Ikambidi naye aulize lile lile aliloulizwa na Fisi. "Niambie, Kasuku! Upesi!"

"Nyuma ya jiwe jeusi, chini ya mkwamba, ule wenye miiba."

Fisi alizunguka kupitia bondeni asionekane. Bi Pimbi akakatiza mwambani, puru! puru! puru! Miguu mifupi, njia ndefu. Ee Mungu wangu, nisichelewe. Nisichelewe.

Akafika. Mtoto huyo, amejikunja, macho mawili tu.

"Inuka, mwanangu, twende!"

Mtoto hainuki.

"Fisi anakuja!"

"Mama kasema nisijitikise," mtoto akanong'ona.

Kacha, kacha. Majani makavu. Bi Pimbi akamvuta, hawezi. Akamsukuma, hawezi. Kacha, kacha, kacha. Akapanda juu ya jiwe, akapiga ukelele, ukelele wa kupasua koo: "Kwiiiiii! Digidigi weee! Kwiiiiii!"

Digidigi akatokea mbio, akapiga mluzi mmoja. Mtoto akaruka, wakatimka wote wawili. Fisi akang'ata mkwamba, miiba ikamjaa mdomoni. Naye Bi Pimbi akaingia ufani mwa jiwe.

Kesho yake Digidigi akaja. Foleni ilikuwa ndefu, wanyama wote wapo. Akamkumbatia Bi Pimbi, akalia. "Ahsante, shoga. Umeniokolea mwanangu." Kisha akamwachia. Akamtazama vizuri. "Lakini wewe ulijuaje amelala pale?"

Bi Pimbi akageukia jiwe lake la kusagia. Kre! kre!

Juu mtini Kasuku akajibu, maana swali limeulizwa: "Kinyonga alikuona ukimlaza. Alimwona na Sungura akilia peke yake nyuma ya ghala. Alimwona Kima na kidonda chake anachokificha. Alimwona Kanga..."

"Nyamaza!" akalia Bi Pimbi. Akapanda mtini, akalifunika jicho la pili kwa jani. Alipogeuka, Digidigi alikuwa amekwisha kuubeba mtama wake, haujaisha kusagwa. Sungura akabeba wake. Kima akabeba wake. Hakuna aliyegombana naye, waliondoka tu.

Ndiyo maana hadi leo wanyama wanakula mtama hivyo hivyo bila kusagwa. Na pimbi anakaa mwambani, anapiga kelele kumwita mteja asiyekuja.

Basi sikilizeni, enyi wenye maduka na maghala. Ukiweka jicho, mwambie unayemtazama. Litazame mlango wako tu, si kichaka cha mwenzio. Kazi ikiisha, ulichokiona kisahau, na usimpe kila anayeuliza. Siri ya mteja si mali yako.

Ngano yangu imefika ukingoni, nami nimeitua papo hapo.