Mtihani wa Kuruka Darasa

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo. Huko nyuma feni haifiki, na mimi leo koo halina nguvu ya kupiga kelele. Nina mfano wa kuwapa kabla ya isha. Mwenyewe simpi jina, kwa sababu nikimpa jina tu, mtatoka hapa mnaulizana ni fulani wa mtaa upi, na darsa yenyewe mtaiacha humu ndani. Tumwite mtu wa ghala.

Basi huyu mtu wa ghala alifanya kazi kwenye bandari kavu, kule yanakoshushwa makontena yakingoja malori ya kwenda nchi jirani. Kazi yake ni kupanga mali ndani: nini kikae wapi, nini kitoke kwanza, nini kikikawia kitaharibika. Kaifanya miaka mingi. Ungemwamsha usingizini ukamuuliza mbolea iko mlango gani, angekujibu kisha akaendelea kukoroma. Meza yake ilikuwa imegusana na meza ya mwenzake, na huyo tumwite mtu wa barabara. Yeye alikuwa wa malori: njia, uzito, mizani, karatasi za mpakani. Mzigo ukitoka mkononi mwa huyu unaingia mkononi mwa yule. Mchana walikula pamoja, mmoja ananunua chapati, mwingine maharage. Adhuhuri walikwenda kwenye kimsikiti cha mabati pale getini na kusimama safu moja, bega kwa bega, mpaka makuli wakawabatiza jina la mapacha.

Siku moja uongozi ukatoa tangazo. Kuanzia mwaka unaofuata, kukaa kwenye zile meza kunataka cheti cha utaalamu wa ugavi na usafirishaji. Asiye nacho atashushwa upakiaji, au atafute pengine. Cheti chenyewe kinasomewa mjini miaka miwili, na nani mwenye familia atakaa darasani miaka miwili? Lakini palikuwa na mlango mdogo. Bodi inayotoa cheti ilimruhusu mtu mwenye uzoefu wa muda mrefu asamehewe masomo, aende moja kwa moja kwenye mtihani. Akifaulu sehemu zote, anapewa cheti sawasawa na aliyesoma. Akifeli hata sehemu moja, mlango umefungwa, hakuna kurudia, akakae darasani kama wengine. Pale kazini waliuita mtihani wa kuruka darasa.

Mtu wa ghala akasema moyoni, huu ni wangu. Na palepale akaamua jambo la pili, kwamba hamwambii mtu.

Kwa nini? Mnajua kwa nini, msinitazame hivyo. Marehemu mama yake alimlea kwa maneno yaleyale tuliyolelewa nayo sisi: jambo lako liweke kifuani, watu wana macho. Tena pale kazini palikuwa na kisa. Mwaka wa nyuma, jamaa mmoja wa upande wa forodha alitangaza kwenye chai kwamba anakwenda kuruka darasa. Akaenda, akafeli. Tangu hapo wakamwita Profesa. "Profesa, nipe chumvi." "Profesa, hebu shikilia ngazi." Wakamwita hivyo mpaka akaomba kuhama. Na jina hilo lilipotoka kwenye chai, mtu wa ghala alicheka. Mtu wa barabara naye alicheka, tena kwa kupiga meza. Kila mmoja alimwona mwenzake anavyocheka.

Akaanza kusoma kwa kujificha. Nyuma ya karakana palikuwa na kontena bovu lililotobolewa na kutu, basi mchana wenzake wakienda kula, yeye huingia humo na kitabu. Joto la humo ndani nisiwaambie. Anasoma huku jasho linamdondoka kwenye kurasa. Sehemu ya ghala ilimpita kirahisi, ndiyo kazi yake. Alipofika sehemu ya barabara, akakwama. Kulikuwa na jambo moja la uzito wa ekseli, yaani ule uzito unaobebwa na kila mstari wa magurudumu ya lori. Kitabu kinasema lori linaweza kuwa na uzito halali kwa jumla na bado likakamatwa kwenye mizani. Akasoma, akarudia, akageuza kitabu. Vipi uzito wa jumla uwe halali halafu ukamatwe? Haikumwingia.

Na mtu anayeijua habari hiyo kama kiganja chake alikaa naye meza kwa meza. Mara ngapi alifungua mdomo amuulize? Mara nyingi. Halafu anakumbuka ile meza ilivyopigwa siku ya Profesa, anaufunga. Anauliza kama kalamu ya bluu ipo.

Jambo hilo lilimuumiza kuliko joto la kontena. Na kilichozidi, mwenzake naye akabadilika. Chapati na maharage zikafa zenyewe. Saa ya kula mtu wa barabara anatoka bila kuaga, na akirudi macho mekundu, maneno machache. Mtu wa ghala akajisemea, bwana huyu kanichoka. Labda kasikia nitashushwa, anajitenga mapema. Akaanza kumwonea uchungu, kisha kinyongo. Watu wawili wanapeana karatasi siku nzima, na neno la maana halipiti kati yao.

Nyumbani nako hivyohivyo. Mkewe alimkuta ukumbini ananong'ona, akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba watoto, unasema na nani?"

"Nahesabu tu."

"Unahesabu nini? Siku hizi ukila uko mbali, ukilala uko mbali. Kama kuna mtu, niambie nijue moja."

"Hakuna mtu, mama. Kazi tu."

"Hakuna mtu," mkewe akarudia, akarudi jikoni. Mnasikia? Alisema kweli kabisa. Hakukuwa na mtu. Alikuwa peke yake ndani ya nyumba yenye watu, na aliyejifungia alikuwa yeye mwenyewe.

Kimsikiti cha getini tu ndiko alikopumua. Pale akishatoa salamu, anainua mikono na kusema yote: Ya Rabbi, unajua ninachokitaka, unajua nimekwama wapi, nifungulie. Na ubavuni kwake mtu wa barabara naye kainua mikono, naye anakawia, siku nyingine mpaka machozi yanamlenga. Mtu wa ghala alikuwa akimwona kwa pembe ya jicho. Akawaza, huyu naye ana zito gani? Lakini hakumuuliza. Unajua ukimuuliza mtu shida yake, na yeye atakuuliza yako. Wakavaa viatu, wakarudi mezani.

Siku ya mtihani ikafika. Kazini aliaga kwamba ana mgonjwa mjini. Kwa mkewe akasema ana mzigo wa dharura. Uongo mara mbili kwa safari moja, na njia nzima hakuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia niombee. Tuliza moyo ufikirie hilo. Siku kubwa kuliko zote za mwaka wake, na duniani pote hakuna aliyejua yuko wapi.

Akaingia ukumbini, akatafuta namba yake ya kiti, akakaa. Akapanga kalamu zake. Akageuka kutazama nani yuko jirani.

Alikuwa mtu wa barabara.

Nani huyo kawahi kucheka pale kwenye nguzo? Ngoja kwanza. Hao hawakucheka. Walitazamana kama watu waliofumaniwa. Mtu wa barabara akasema taratibu, "Na wewe?" Yule akajibu, "Na mimi." Msimamizi akagonga dawati, wakainamia karatasi.

Walipotoka walikaa kwenye ukingo wa mtaro nje ya ukumbi. Mtu wa barabara akauliza, "Lile swali la akiba ya ghalani ulilijibuje? Lile la kujua mali ikibaki kiasi gani ndipo uagize nyingine. Miezi yote hii nimelisoma kwenye kibanda cha mlinzi, sikulielewa."

Mtu wa ghala akasema, "Kwako maji mnaletewa na toroli, sivyo? Pipa unaliacha likauke ndipo umwite mwenye toroli?"

"Sithubutu. Yule mtu anachelewa. Namwita likibaki robo."

"Basi hiyo robo ndiyo jibu. Maji ya kukufikisha mpaka toroli lije, na kidogo cha ziada akizidi kuchelewa. Hakuna lingine pale."

Mtu wa barabara akashika kichwa kwa mikono miwili.

Sasa mtu wa ghala akauliza lake. "Na lori lenye uzito halali linakamatwaje kwenye mizani?"

"Umewahi kubeba sinia la pilau kwenye shughuli, wewe na mwenzako, mmoja huku mmoja kule?"

"Nimebeba."

"Wali ukirundikwa upande wako, nani anaumia?"

"Mimi."

"Sinia limezidi uzito?"

"Halijazidi." Akainua mikono kama aliyeshika sinia. Kisha akasema, "Mzigo umerundikwa nyuma."

"Umerundikwa nyuma. Magurudumu ya nyuma yanalia, ya mbele yamepumzika. Jumla halali, ekseli moja imezidi."

Wakabaki wamekaa. Yaliyowasumbua miezi yamemalizika kabla jua halijawafikia pale kwenye mtaro, na karatasi zao ziko ndani, zimeshakusanywa.

"Mbona hukuniambia?" mtu wa ghala akauliza.

"Ulivyomcheka Profesa, ningekuambiaje?"

"Wewe ndiye uliyepiga meza."

"Nilipiga," akasema. "Nilipiga kwa sababu wewe ulikuwa unacheka."

Majibu yalitoka. Mmoja kaangushwa na sehemu ya barabara, mwingine kaangushwa na sehemu ya ghala. Zile meza mbili wakakaa watu wengine. Mtu wa ghala alikubali kushuka upakiaji, avumilie hapohapo. Mtu wa barabara hakuweza. Alifunga virago akarudi kwao bara, akaaga kwa kushikana mkono tu, kila mmoja anaona haya kumtazama mwenziwe usoni.

Siku iliyofuata, adhuhuri, mtu wa ghala aliingia kwenye kimsikiti cha mabati, akasimama mahali pake. Imamu akatazama nyuma, akasema yale tunayosema sote kabla ya kila swala: sawazisheni safu, zibeni mianya. Mtu wa ghala akageuza macho ubavuni. Pale alipozoea kuhisi bega la mwenzake pana nafasi tupu. Akakumbuka ile mikono iliyokuwa ikiinuliwa hapo mpaka machozi yanalenga. Sasa ndipo akajua ilikuwa inaomba nini. Ilikuwa inaomba kilekile alichokuwa akikiomba yeye. Na dua ya kila mmoja ilikuwa imeshajibiwa zamani, jibu limesimama ubavuni kwake, limevaa shati la kazi, linangoja kuulizwa. Akalia kwenye swala, ndugu zangu, na walio karibu wakadhani ni unyenyekevu.

Sasa tuache makontena, tuje kwetu.

Sisemi mtu atoke akatangaze mambo yake sokoni. Husuda ipo, siikani, na siri ina mahali pake. Lakini sisi tumezidisha. Tumemwogopa hasidi mpaka tumemkosa rafiki. Tunaumwa kimya. Tunatafuta kazi kimya. Mtoto kafukuzwa shule, tunakaa naye ndani kimya, na mwalimu mstaafu anaswali safu ya pili kila alfajiri. Tukiulizwa hali, alhamdulillah, tunatoka mbio. Halafu tunasema dunia haina watu.

Na nani aliyewafunga midomo wale mapacha? Hasidi? Wachawi? Ni kile kicheko cha kwenye chai. Sisi wenyewe tunamcheka aliyejaribu akaanguka, na wanaotusikia tukicheka wanajifunza kutuficha yao. Wewe uliyemcheka fulani wiki iliyopita kwa biashara yake kufa, ujue mwanao alikuwa anakusikiliza. Siku mambo yake yakiharibika, hatakuja kwako. Atakwenda kwenye kontena lake.

Kila siku mimi hapa nawaambia zibeni mianya, na nyinyi mnasogeza miguu, vidole vinagusana, safu imenyooka vizuri kabisa. Nikigeuka kuelekea kibla najiuliza, hawa waliogusana vidole, yupi anajua jirani yake analilia nini? Mimi mwenyewe imamu wenu, nawajua kwa migongo?

Wakati wa isha umeingia. Muadhini, usikimu kwanza, kaa. Kila mtu amgeukie aliye kuliani kwake, ambaye mmeswali pamoja miaka hii yote, amuulize anaomba nini. Aulize kwa kweli, na akijibiwa asicheke.

Haya, geukeni. Mimi nitangoja.