Sinki Lina Koo, Halina Tumbo

Sinki lina koo, halina tumbo. Mmenisikia nikilisema neno hilo jikoni asubuhi hii, mkacheka, kisha mkauliza limetoka wapi. Kaeni basi, maana nimechoka kulisema kwa watu wanaocheka tu. Methali hii ilianza hapa hapa Lushoto, kwenye mteremko wa nyuma ya soko, na siku ilipotamkwa kwa mara ya kwanza mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la pilau mikononi.

Palikuwa na nyumba mbili zilizojengwa na baba mmoja. Ya juu alimwachia mwanawe wa kiume, Hoza, na ya chini akamwachia binti yake mkubwa, Bi Mwantumu, jirani yangu. Mzee alikuwa mtu wa kubana matumizi, kwa hiyo maji machafu ya nyumba zote mbili aliyapitisha katika bomba moja. Lilitoka jikoni kwa Hoza, likapita chini ya ua wa dada yake, likachukua na maji ya huko, ndipo likateremka kwenye shimo kule bondeni. Likiziba kule chini, maji ya Hoza hayana pa kwenda ila kupanda na kutokea kwenye sinki la dada yake. Hoza mwenyewe, aliye juu, haoni hata tone.

Sasa, Hoza na mkewe Sakina walikuwa wanauza supu ya makongoro, ile ya miguu ya ng'ombe, kule stendi. Supu nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini kila walipomaliza kuuza, masufuria yale yalioshwa jikoni kwao, na mafuta yote yakaenda na maji. Ninyi mnajua baridi ya huku mwezi wa Juni. Mafuta ya makongoro yakiachwa kwenye bakuli tu yanaganda, sembuse ndani ya bomba lililofukiwa ardhini!

Sinki la Bi Mwantumu likaanza kukoroma. Kisha likawa linachelewa kupitisha maji. Kisha likanuka. Alimwaga maji ya moto, akasukuma kwa mpira wa kuzibulia hadi mabega yakamuuma. Mwisho akamwita fundi bomba. Fundi akamwambia waziwazi kwamba tatizo ni mafuta, na kwamba yasipokusanywa kwenye kopo yakatupwa, atazibua leo na kesho ataitwa tena.

Bi Mwantumu akapanda kwa mdogo wake. Akaongea naye kwa upole, maana ndivyo alivyokuwa.

"Dada," Hoza akamjibu huku akichokoa meno, "sinki langu linameza bila hata kukohoa. Kama lako linasuasua, angalia mwenyewe unatia nini."

Jamani! Mtu mzima na ndevu zake! Bi Mwantumu akashuka zake. Siku nyingine akanunua kichujio cha waya cha kuweka kwenye tundu la sinki, akampelekea wifi yake kwa mikono miwili. Sakina akashukuru sana. Baada ya siku chache Bi Mwantumu alipokwenda kuwajulia hali, akakiona kichujio kimefunika jagi la maziwa.

"Kilikuwa kinachelewesha maji, wifi," Sakina akasema. "Ila kwa nzi kinafaa kweli."

Bi Mwantumu alikuja kwangu, akaketi kwenye kigoda, akanieleza yote. Nilimwambia, "Gombana nao basi!" Akanijibu, "Nikigombana na Hoza, nani atabaki kuwa ndugu yangu?" Basi akaendelea kuchota maji machafu kwa kata na kuyamwaga nje, kama mtu anayetoa maji kwenye mtumbwi uliotoboka.

Ikafika siku ya posa. Binti yao Hoza na Sakina, Zahara, alikuwa ameombwa na watu wa Soni, watu wa heshima zao. Kwa kuwa shangazi ndiye aliyemlea tangu alipoacha kunyonya, ikaamuliwa wageni wapokelewe nyumba ya chini. Mikeka mipya ikatandikwa sebuleni. Mzee Shekiango, babu wa mchumba, akaketishwa karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Sakina na wanawake wengine wakabaki nyumba ya juu kupika na kuosha vyombo.

Maneno yalikuwa yamefika patamu. Hoza alikuwa anaeleza jinsi familia yake inavyopenda usafi na utaratibu. Wallahi ndivyo alivyokuwa anasema! Mimi ndio naingia na sinia, nikasikia jikoni sauti kama ng'ombe anayetoa miguu matopeni. Maji yakapanda kwenye sinki, yakajaa, yakafurika. Yakaja sebuleni yakiwa na mapande ya mafuta, vitunguu na punje za pilipili mtama. Mzee Shekiango akasimama ameshika kanzu yake magotini.

Hoza hakusita hata kidogo. "Mtuwie radhi, wageni wetu. Sinki la dada ni bovu. Nimemwambia siku nyingi alitengeneze, hasikii."

Nilimtazama Bi Mwantumu. Mama yule mpole uso ulimbadilika. Akainama, akaokota pande la mafuta meupe kama mshumaa, akalishika mbele ya mdogo wake.

"Hoza, mimi napika makongoro?"

"Dada, si mbele ya wageni."

"Nimekuja kwako bila wageni, hukunisikia. Leo utanisikia mbele yao. Ulisema sinki lako linameza bila kukohoa. Sinki lina koo, halina tumbo! Unachomeza wewe, natapika mimi!"

Kabla Hoza hajafungua mdomo, tukasikia sauti ya Sakina kutoka juu, imejaa furaha: "Ongezeni maji ya moto! Linakwenda vizuri kabisa leo!"

Na wimbi la pili likaja.

Hakuna aliyecheka. Zahara alitoka ndani mbio, akapanda mteremko akipiga kelele, "Mama, acha! Vyote vinatokea kwa shangazi!"

Mzee Shekiango akavaa viatu vyake vilivyolowa. "Sisi hatukuja kukagua mabomba," akasema. "Binti hatujamkataa. Lakini wewe, Hoza, siku mwanao akiletewa taabu na nyumba yako, utasema ni ubovu wa nyumba ya mumewe? Fukua kwanza. Ukimaliza, tuite."

Wakaondoka. Pilau likabaki linatoa mvuke.

"Umenivunjia heshima," Hoza akamwambia dada yake.

"Heshima yako imepita kwenye bomba, mdogo wangu. Ndiyo hiyo mkekani."

Zahara hakungoja wamalize. Alichukua jembe nyuma ya nyumba, akaanza kuchimba ua wa shangazi yake akiwa na gauni lake la posa, machozi yanamtiririka. Hoza alisimama akimtazama. Kisha akavua koti, akamnyang'anya jembe taratibu, akaendelea yeye.

Fundi yule alipoitwa na kulikata bomba, tuliona shina zima la mafuta limejaa mle ndani, gumu, na katikati yake kitambaa cha kuoshea vyombo cha Sakina. Hoza aliligusa kwa kidole. Hakuomba radhi kwa mdomo, sijui kama aliweza. Lakini aliibeba mikeka ya dada yake, akaisugua mmoja mmoja kwenye bomba la maji safi la nje, mwanamume mwenye ndevu, watu wote wa sokoni wanamwona. Sakina alikuja na ndoo, akapiga magoti akakausha jikoni kwa wifi yake mpaka kona za mwisho.

Baadaye wakajenga chemba yenye mfuniko kati ya nyumba mbili, ili bomba likaguliwe kabla halijasumbua. Mafuta yakawa yanakusanywa kwenye debe. Mzee Shekiango aliporudi, kabla ya kuketi aliomba kuonyeshwa chemba. Akachungulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo akaingia kumwomba Zahara.

Neno la Bi Mwantumu likashuka sokoni, likapanda stendi. Leo hata mtu akificha deni, au akimsukumia mwenzake kosa lake na kudhani limeisha kwa kuwa yeye halioni tena, watu humwambia neno hilo. Kitu kikipotea machoni pako hakijaisha. Kiko njiani, kinaelekea kwa mtu. Basi kabla hujamwaga, uliza aliye chini yako ni nani, maana sinki lina koo, halina tumbo.