Fremu ya Mama

Tegeni sikio, wenzangu, kisha mnisaidie kupima.

Walikuwepo ndugu watatu wa Mbeya, wote wasomi, wote kazi moja haiwatoshi. Lugano, mwalimu wa mkataba, alizijua barabara zote. Jioni aliendesha bodaboda. Subilaga, kitinda mimba, alisomea uhasibu akakosa ajira, lakini vidole vyake vilijua kusuka. Tumpe, wa kati, alikuwa karani Dar es Salaam, na baada ya kazi aliuza mitumba kwa simu. Yeye alijaliwa kubembeleza.

Mama yao, fundi cherehani, akapigwa na kiharusi.

Lugano aliuza pikipiki yake, mama akatibiwa.

Subilaga alifunga saluni yake ya kusuka. Akamwogesha mama, akamgeuza, akamnyoosha viungo, mpaka wateja wakamsahau.

Tumpe alinyimwa ruhusa kazini. Lakini mama alikuwa amekata tamaa, anatema dawa, anakataa hata uji, na hakuna aliyemweza ila Tumpe. Kila wakati wa mlo alijificha stoo ya ofisi, akanong'ona kwenye simu: "Meza, mama. Kwa ajili yangu." Mama akameza.

Mama akainuka, akatembea, akashona tena. Siku moja akasema fremu yake ya barabarani, chumba cha biashara chembamba cha kumtosha mtu mmoja, isiuzwe wala kupangishwa. Ni ya yule aliyemrudishia uhai. Hakumtaja. Kiharusi cha pili hakikumsubiri amtaje.

Tumpe alisafiri bila ruhusa, akakuta kaburi limeshafukiwa. Kabla ya kuanua tanga, ofisi ikamwarifu kwamba nafasi yake ina mtu mwingine.

Baba yao mkubwa akaweka ufunguo wa fremu mkekani, akasema mwenye haki auchukue. Mkataba wa Lugano ulikuwa umekwisha, na pikipiki hana. Subilaga hakuwa na mteja hata mmoja. Kila mmoja aliihitaji fremu ile; hakuna aliyenyoosha mkono.

"Apewe kaka," alisema Subilaga. "Bila pikipiki yake ningeosha maiti."

"Bila wewe mama angeoza kitandani," alijibu Lugano. Kisha akamtazama Tumpe. "Na bila huyu asingemeza kitu."

"Mimi hata sikumshika mkono," alisema Tumpe, akajifunika uso kwa khanga.

Baba mkubwa ameshindwa, na fremu bado imefungwa. Je, nyinyi mnaonisikiliza, ufunguo ule mngemkabidhi nani?