Zabibu za Saa Saba Mchana

Kisa hiki kimenifikia kutoka Hombolo, Dodoma. Nakupa jinsi nilivyokipokea, nawe mpe mwingine.

Mzee Ndahani alikuwa na kiwanda kidogo cha mvinyo na sheria moja: zabibu zisichumwe mpaka umande ukauke. Aliamini wakulima wanamuuzia maji. Kwa hiyo mizani yake ilifunguliwa saa saba mchana, na zabibu zilifika zikiwa moto kama mawe ya mafiga.

Mvinyo ukichachuka kwenye joto kali huharibika. Mtambo wa kupoza matangi ulikoroma mchana kutwa na umeme ukawa unaelemewa. Ndahani akauza ng'ombe, akafunga paneli za sola paa zima.

Msimu huo mtambo uliendeshwa na jua. Lakini jua likizama, betri ziliisha mapema na joto likarudi. Tangi la kwanza likawa siki. La pili likafuata. Lilibaki moja, bado halijajazwa. Aliwaambia wafanyakazi wake tisa kwamba hilo nalo likiharibika, atafunga kiwanda. Wote walikuwa wamechoka.

Fundi wa sola akaitwa, akashauri paneli ziongezwe. Ndahani akamwonyesha paa. Hapakuwa na nafasi hata ya kunguru kutua.

Fundi alipoondoka, Ndahani akaketi juu ya kreti karibu na mizani. Mama Lechipya, mchumaji wake tangu msimu wa kwanza, miaka sita iliyopita, alikuwa pale akisubiri kupimiwa.

"Nimeshindwa, mama," akasema. "Jua lote hili halitoshi."

"Linatosha, baba. Unaliacha lipike zabibu, halafu unaliomba lizipoze."

Akamweleza polepole, bila kumtazama. Zabibu zichumwe alfajiri zikiwa na ubaridi wake, na mtambo utabaki na kazi ndogo. Kama anaogopa umande, apunguze kilo moja kwa kila kreti. Wakulima watakubali, maana nao wamechoka kuungua.

Ndahani hakuwa na nguvu za kubisha. Kesho yake walichuma alfajiri, na tangi likajaa kabla ya saa tatu. Juma zima mtambo ulifanya kazi kidogo kidogo, na kila asubuhi betri zilikutwa bado zina chaji. Mvinyo ukaiva salama.

Siku ya kuuonja, Ndahani alimpelekea Mama Lechipya kikombe cha kwanza. Akamuuliza kwa nini alikuwa amekaa kimya miaka yote sita.

Mama Lechipya alikipokea kikombe, lakini hakunywa.

"Mimi ndiye niliyenyamaza, baba. Mkeo hakunyamaza. Alikuambia msimu wa kwanza, hapa hapa mizanini. Ukamjibu kwamba umande umemwingia kichwani. Tukacheka wote."

Ndahani alijaribu kukumbuka. Kicheko alikikumbuka. Maneno ya mkewe hakuyakumbuka hata moja, na sasa mkewe alikuwa na miaka miwili kaburini.

Funzo: Kabla hujatafuta nguvu zaidi, acha kwanza kupoteza ulizonazo; na anayekuonyesha zinakopotelea, msikilize angali hai, wakati bado unaweza kumwomba radhi.