Kamba ya Kuku Mgeni

Mkimwona kuku aliyeletwa jana amefungwa kamba mguuni, akizunguka kijiti chake na kujitatiza, mnacheka. Chekeni tu. Ulikuwapo wakati ambapo kuku hakufungwa, wala hapakuwa na kuku aliyeitwa mgeni, na mtu wa kwanza kufunga kamba hiyo hakuwa na kicheko hata cha kuazima.

Wakati huo kuku walilala ndani pamoja na watu. Jua likizama, kuku aliingia mlango wowote uliokuwa wazi, akajipenyeza uvunguni mwa kitanda, akalala na aliowakuta. Akiingia kwako kuku wa jirani, hukumfukuza, ulishukuru. Na watu wa Kwemsasu, kilima ambacho habari hii ilianzia, walikuwa na mwiko wao: uvungu haufagiwi ila siku ya msiba. Walisema kinyesi cha kuku ndicho kinachoita kuku wengine, na mwenye kukifagia anaifagia riziki yake mpaka nje. Basi kililundikana humo mwaka kwa mwaka, na nyumba isiyonuka kuku ilionewa huruma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao waliinama kutafuta mayai, wakainuka na utitiri mpaka kwenye nyusi. Walijikuna na kusema hiyo ndiyo baraka.

Hapo Kwemsasu aliishi mwanamke aliyeitwa Havijawa. Mumewe alikuwa amekufa bila kumwachia mtoto. Kwa desturi ya kilima kile, mjane asiye na mtoto hakurithi shamba wala nyumba, ila alikuwa na haki moja: maadamu kuku wake wanataga, hakuna wa kumwambia aondoke. Kuku walikuwa mali ya mwanamke, na mwanamke mwenye kuku hakuhesabiwa kuwa anakula bure. Siku banda lake litakapokuwa tupu, kama banda tunaweza kuuita ule uvungu, wakwe walikuwa na ruhusa ya kumrudisha kwao.

Havijawa hakutaka kurudi kwao. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa, na kaka yake Mdoe alikuwa na mke na watoto wengi katika nyumba ndogo. Zaidi ya hayo, kaburi la mumewe lilikuwa nyuma ya nyumba hii, na kila asubuhi alipita hapo akamwamkia. Kwa hiyo kuku wale hawakuwa mboga kwake. Ndio waliokuwa wamemshikilia duniani, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mama mkwe wake, Bi Kisa, ambaye naye alilijua sana.

Sasa ikawa kuku wake wanadhoofu. Panga zao za kichwani zilipauka, wakaacha kutaga, vifaranga wakafa wakiwa na utitiri umewajaa machoni. Havijawa aliinama uvunguni na taa ya mafuta ya nyonyo akatazama vizuri, jambo ambalo watu walikuwa hawalifanyi. Aliona kuku wamelala juu ya kinyesi kibichi, na kibichi juu ya kikavu, na ndani ya kikavu kitu kinatembea. Alikaa chini akalia. Aliona wazi kwamba mwiko ule ndio unaomfukuza nyumbani kwake, na kwamba akiuvunja watamfukuza pia.

Alipomaliza kulia alikwenda kuosha vyombo, kwa kuwa vyombo havingojei mtu amalize huzuni yake. Aliviosha akavipanga juu ya kichanja. Mnakijua kichanja: nguzo nne na fito zilizolazwa juu, chungu kikipinduliwa hapo maji hudondoka chini na chungu hukauka. Havijawa alitazama yale maji yakipita katikati ya fito. Kisha akatazama kuku. Hapo ndipo lilipomjia lile ambalo hakuna aliyekuwa ameliwaza, kwamba kinachoweza kudondosha maji kinaweza kudondosha na uchafu.

Alijenga kichanja cha kuku nje, nyuma ya jiko. Mara ya kwanza alizibananisha fito kama za kitanda, na uchafu ukabaki juu. Akazitawanya, kifaranga akatumbukiza mguu ukavunjika. Akazipanga tena, akiacha nafasi ya kupita kidole tu, hapo ikawa sawa. Aliona utitiri unajificha chini ya maganda ya mti, basi akazimenya fito zote zikawa nyeupe. Na hakuzifunga. Alizilaza tu katika panda za nguzo, ili aweze kuziinua, kuzipeleka kijitoni, kuzisugua kwa mchanga na kuzianika juani. Juu yake aliweka mti mnene wa mviringo ambao kuku wangeushika kwa kucha wakilala, na nyasi za kuzuia mvua. Chini alimwaga majivu. Kila asubuhi aliyakokota yale majivu na uchafu wake kwa jembe, akapeleka migombani. Kazi yote ilikwisha kabla uji haujachemka.

Watu walisema, na ulimi hauna mfupa. Walisema mjane ametupa riziki ya marehemu migombani. Bi Kisa hakuzungumza naye kwa muda mrefu, akawa anamtumia salamu kupitia paka. Lakini panga za kuku wale zikawa nyekundu tena. Wakataga, wakaatamia, wakaangua, hata shemeji yake, Mhina, mdogo wa marehemu, akawa anapita nyuma ya jiko akijifanya anatafuta shoka, macho yakiwa kwenye mayai. Havijawa alianza kulala usingizi.

Ndipo kilipokuja kideri. Hapo zamani hakikuwa na jina. Waliona tu kuku anainamisha kichwa, anaharisha kijani, shingo inapinda kama ya mtu anayetafuta aliyemwita, na kabla ya siku kwisha amekufa. Kilianzia bondeni kikapanda kilima. Nyumba hii ilizoa mizoga, nyumba ile ikazoa, na wanawake wakaanza kutazamana kwa hofu, kila mmoja akijua mwenzake amebakiwa na nini. Kichanja cha Havijawa kilisimama vilevile. Hakufa hata mmoja.

Havijawa hakufurahi. Alikuwa mtu wa kutazama, naye alikuwa ameona jambo. Kila nyumba iliyopigwa, siku chache kabla kuku wa nyumba nyingine alikuwa ameingia kulala uvunguni. Kwake hawakuja kulala kuku wa watu, kwa sababu hawakuzoea kulala juu ya fito. Ni hilo tu. Alilikalia moyoni, akaona ni jambo la kumwambia mtu, lakini hakujua alianze vipi. Katika kilima ambacho kuku wa jirani ni baraka, utasemaje kwamba kuku wa jirani ni kifo?

Alasiri moja akaja wifi yake, Semeni, dada wa marehemu, aliyekuwa ameolewa ng'ambo ya bonde. Alikuja na kuku mmoja kwapani, amemfunika upindo wa kaniki. Semeni hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemshika Havijawa mkono siku ya maziko, wakati wengine walikuwa wanagawana vyombo. Alikaa karibu na jiko, akamtoa kuku, na shingo ya kuku ikapinda upande.

"Wifi, huyu ndiye aliyebaki," alisema. "Wote nimewazika. Kwako hawafi. Mlaze na wa kwako, apate na yeye hiyo afya yao."

Havijawa alimtazama kuku. "Wifi, huyu anaumwa."

"Ndiyo maana nimemleta."

Bi Kisa alikuwa amekaa kizingitini anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema.

Maneno hayo tunayasema sote, na ni mema, kwa maana mgeni akija hata mwenyeji hula vizuri. Lakini siku hiyo yalimfunga Havijawa miguu na mikono. Akimkataa kuku wa Semeni, amemkataa binti wa nyumba ile mbele ya mama yake, na mjane wa kukataa wenye nyumba hana pa kukaa. Akimpokea, alijua kitakachofuata. Alitafuta katikati ya hayo mawili nafasi hata ya kupita kidole, hakuiona. Angeweza kusema amweke mbali, amfungie mahali pengine, lakini nani alikuwa amewahi kumtenga mgeni? Neno lenyewe halikuwapo mdomoni mwa watu. Na Semeni alikuwa analia kimyakimya, kwa haya, kama aliavyo mtu mzima.

Havijawa alimpokea kuku kwa mikono miwili. Jua lilipozama alimweka juu ya mti wa kulalia, katikati ya kuku wake, nao wakasogea wakampa nafasi.

Yule kuku alikufa kesho yake. Baada ya hapo wakafuata wa Havijawa. Aliziinua fito akazipeleka kijitoni, akazisugua mpaka vidole vikatoka damu, akazianika, akazirudisha. Alibadilisha majivu asubuhi na jioni. Usafi huzuia mengi, lakini hauwezi kukirudisha ulichokwisha kukipokea. Walikufa jogoo, wakafa matetea, akafa na yule aliyekuwa anaatamia, na mayai yakapoa chini yake. Havijawa aliwachimbia shimo moja. Kichanja kilibaki kimesimama, kisafi, hakina kitu.

Mhina alimpa siku za kupumua, hilo tusimnyime. Kisha alikuja akakaa mbali kidogo, kwa heshima, akasema, "Shemeji, hapa hakuna anayekufukuza. Ila kaka yako naye ana nyumba." Bi Kisa alikuwa ndani na hakutoka. Semeni alipopata habari alituma kibaba cha mtama, na Havijawa akakiacha kizingitini. Alipita nyuma ya nyumba akamuaga mumewe kaburini, akaondoka.

Kwa Mdoe alipewa pembe ya jikoni. Mke wa kaka hakumtukana, na wala hakuwahi kumwambia, "Karibu." Havijawa aliamka wa kwanza na kulala wa mwisho, kama wafanyavyo watu ambao hawana haki ya kuchoka. Aliwajengea kichanja cha kuku, wakakipenda kwa kuwa kiliwapunguzia kazi, na kikaenea vijiji vya huko. Jina lake halikuenea nacho.

Siku moja Mdoe alirudi safari na tetea wa kununua, mzuri, mwekundu. Kabla hajamwachia, Havijawa alimshika mkono. Watu wa nyumba walishangaa, kwa sababu alikuwa mwanamke wa kukaa kimya. Alimwomba kuku, akachuna ukamba wa mgomba, akamfunga mguuni, akamtembeza mpaka mwisho kabisa wa shamba, ng'ambo ya mfereji, akamfunga kwenye kijiti. Akampa maji yake na chungu chake.

Mdoe aliona aibu. "Dada, mgeni anafungwa?"

"Mimi sikumfunga," alisema Havijawa, "ndiyo maana nipo kwako."

Siku ya nne tetea yule alipinda shingo akafa kule ng'ambo, peke yake. Wa nyumbani hawakudhurika. Hapo Mdoe akaelewa, akawaambia watu, na watu wakaona ni akili. Kila aliyeleta kuku akamfunga kamba ya mgomba. Ikawa tabia ya kijiji, ikavuka bonde, ikafika mpaka Kwemsasu, ambako walifunga kuku wao bila kuuliza kamba imetoka kwa nani.

Ingekwisha hapo ningefurahi kuwasimulia. Lakini Havijawa aliishi mpaka akazeeka, macho yakaingia ukungu, akawa anakaa juani na fimbo yake. Kila mwaka shamba lilikatwa kwa ajili ya watoto walioongezeka, na ile ng'ambo ya mfereji ikawa uani kwa mtu. Mahali pa kumfungia mgeni pakawa mbali, tena kuna mwewe, tena kuna wezi. Jioni moja alimsikia kuku mgeni akilia karibu mno. Alipapasa akakifikia kichanja, akashika nguzo yake, na mkono wake ukakutana na kamba. Walikuwa wamemfunga mgeni pale pale, kwenye nguzo, chini ya wenzake.

Alimwita mke wa mtoto wa kaka yake, bibi arusi wa juzi. Aliuliza kwa nini kuku amewekwa hapa. Yule msichana alikuwa na adabu, alipiga magoti kabla ya kujibu.

"Si tumemfunga, shangazi?"

Havijawa alifungua mdomo aeleze. Alianza na uvungu, akaenda kwenye kichanja, akafika kwa Semeni na kuku wake kwapani, na hapo sauti ilimwishia. Msichana akamshika mkono akamrudisha jikoni, kwa sababu umande ulikuwa unaanza kushuka. Havijawa alikufa masika hayo. Siku ya msiba walifagia pembe yake, wakamchinjia kuku wote waliokuwa wamebaki hai.

Na tangu siku hiyo kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hata methali tunayo. Ukimuuliza mtu sababu, atakwambia ni ili asirudi alikotoka. Tunamfunga, tunamlaza na wenzake, nasi tunaona tumetimiza ya wazee. Kiangazi kikija kideri hupita nyumba kwa nyumba, na asubuhi tunaokota mizoga, na mmoja kati yao huwa bado amefungwa kamba yake.