Nani Awe Mlezi wa Jina la Visima?

Sogeeni, nina shauri la kuwapa. Katika chama cha maji cha Mkongeni, huko milimani Upare, walikuwapo watu watatu: Nakijwa, hodari wa kuchagua maneno, Eliamani, asiyechoka kuandika barua, na Zubeda, fundi wa kompyuta, mgumu kama kisiki cha mpingo.

Walitunza kumbukumbu za visima mia nane. Kila faili lilianza na jina lilelile moja, linaloiambia kompyuta yoyote kwamba maneno ya humo ni ya visima. Bila jina hilo, kompyuta haijui kama “kina” ni cha kisima au cha shairi.

Kampuni iliyowaazima mashine ya kuhifadhia mafaili ilitaka jina hilo liwe anwani yake ya mtandao. Nakijwa akakataa.

“Kampuni huuzwa. Visima havihami.”

Akatunga jina lisilotaja kampuni, mwenyekiti wala mwaka.

Lakini jina lisilosajiliwa, yeyote aweza kulitwaa. Eliamani akawaandikia wasajili wa majina ya kudumu. Wakamkatalia: chama ni kidogo, kitakufa. Akaandika tena, wakamkatalia tena. Barua ya tatu ilikuwa fupi: “Chama kikifa, watu wataendelea kunywa maji. Sajilini.” Wakasajili. Jina hilo halitapewa mwingine kamwe.

Mwaka uliofuata kampuni ikauzwa. Tajiri mpya akampigia Zubeda simu.

“Badilisheni jina kwenye mafaili yote, muweke letu. Mna siku tatu, la sivyo nazima mashine.”

“Zima,” akasema Zubeda, akakata simu.

Kwa siku hizo tatu alihamishia mafaili kwenye kompyuta ya zahanati, akawataka wasajili walielekeze jina huko, ili kompyuta inayolifuata iyakute mafaili. Hakubadilisha hata herufi.

Wiki ileile mafuriko yakaleta kipindupindu. Mganga wa zahanati akataka kujua visima vyenye kina kidogo, vilivyoingiwa na maji machafu. Kompyuta ikamjibu papo hapo. Visima thelathini vikafungwa kabla ya jioni. Watu waliugua, hakufa hata mmoja.

Ndipo wasajili wakaleta fomu: kila jina liwe na mlezi mmoja, mtu na si chama, naye pekee ataamua lielekezwe wapi.

Mwenyekiti wa chama akakohoa. “Basi niandikeni mimi.”

“Shikamoo, mzee,” akasema Zubeda, “lakini hatukukuona vitani.”

Kwa hilo wote watatu walikuwa kitu kimoja. Baada ya hapo, wakageukiana.

“Bila mimi, leo tungekuwa tunaitwa kwa jina la tajiri,” akasema Nakijwa.

“Na bila mimi, dada, hilo jina lako lingeshatwaliwa,” akajibu Eliamani.

“Chagueni maneno, sajilini majina,” akasema Zubeda. “Bila mimi, mngekuwa na jina tupu. Kumbukumbu za visima zingezimwa pamoja na mashine.”

Fomu ipo mezani mpaka sasa. Nafasi ni moja, na hakuna anayekubali kuiachia. Haya, nyinyi mliosikiliza: mngemwandika nani, na wale wawili mngewaambia nini?